Mgonga Magogo

Kila gogo lililoingia kwenye kiwanja kile liligongwa mara tatu kabla ya kukatwa: mara moja kichwani, mara moja kiunoni, mara moja miguuni. Aliyeligonga alikuwa mzee mwembamba, mabega yameteremka kama shati lililotundikwa kwenye msumari, na kwa sababu ya kazi hiyo watu walishasahau jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Masikio. Hata mke wake, akikasirika, alimwita hivyo.

Kiwanja kilikuwa nyuma ya duka la mikate, kimezungushiwa mabati yaliyoliwa na kutu. Upande mmoja yalilala magogo kama yalivyoshushwa kutoka kwenye lori. Upande wa pili zilisimama kuni zilizokwisha kupasuliwa, safu juu ya safu, magome yakitazama mbingu ili maji ya mvua yateleze. Katikati, kwenye ardhi iliyogeuka kuwa unga wa mbao, kulikuwa na fremu ya miti iliyopishana waliyoiita farasi. Gogo lilipandishwa juu ya farasi, na hapo ndipo mashine, msumeno wa mnyororo, ilipolikuta. Nyuma ya vyote hivyo, kama mnyama aliyefungiwa, tanuri la mikate lilikuwa likipumua kupitia mlango wake mdogo wa chuma.

Gogo zima, ukiligonga kwa kisogo cha shoka, hulia. Sauti yake hutembea mpaka mwisho, ikarudi. Gogo lililooza hukohoa. Lakini lipo gogo la tatu, na ni kwa ajili ya hilo Masikio alilipwa: gogo lenye chuma ndani. Pengine ni msumari, pengine ni ndoana, pengine waya ambao mtu aliyekwisha kufa aliufunga mtini, mti ukanenepa ukaumeza. Gogo la namna hiyo huanza kulia vizuri, kisha hunyamaza ghafla, kama mtu aliyetaka kusema neno akamwona mwenye nyumba anaingia.

Akishasikia, Masikio alichukua kipande cha mkaa akaandika kwenye gome. Mstari mmoja maana yake lipite. Mistari miwili iliyopishana maana yake lisiguswe na mashine. Lenye mistari miwili lilisukumwa kando, naye alilipasua mwenyewe kwa kabari na nyundo kubwa, polepole, akifuata nyufa. Kabari ina adabu; hufuata nyuzi za mti na ikikutana na chuma hupita pembeni. Mnyororo wa msumeno hauna adabu hiyo.

Wote pale waliujua ukosefu wake wa adabu. Miaka tisa iliyopita Masikio aliamka na homa, akakosa kazini siku moja. Mkataji wa wakati ule, kijana mcheshi mwenye kiburi cha mikono yake, alisema gogo ni gogo tu, akalipandisha juu ya farasi bila kugongwa. Ndani mlikuwa na bawaba ya lango. Mnyororo ulikatika ukarudi ulikotoka. Mkataji yule bado yu hai. Anakaa barazani kwake, upande mmoja wa uso ukiwa umefunguliwa na kufungwa tena vibaya, na chakula chake chote ni cha kunywa kwa mrija.

Baada ya hapo hakuna aliyeitaka mashine. Ilikaa mwezi mzima imefunikwa gunia, mpaka siku moja binti yake Masikio akaja kiwanjani, akalivua gunia, akasema, "Baba, wewe si utakuwa unanigongea?"

"Nitakugongea," alisema.

Ndivyo binti alivyoanza. Sasa alikuwa mwanamke mzima mwenye pacha wawili shuleni, na watu walimwita Mama Pacha. Mapaja yake yalikuwa magumu kwa kusimama, mikono imetulia. Alikuwa akikata gogo la unene wa pipa kama mtu anayekata sabuni.

Utaratibu wa kazi aliutunga Masikio mwenyewe, na aliujivunia kuliko jambo lolote maishani mwake. Neno lake lilikuwa moja: mashine isilale. Mashine ikinguruma bure inakunywa petroli bure, na ikizimwa ni shida kuiwasha. Kwa hiyo binti akiwa bado anakata gogo la kwanza, baba alikuwa tayari anagonga la pili, hatua nne tu kutoka kwenye msumeno, na akiweka mkaa wake gogo lilibingirishwa kwa mtaimbo mpaka mguuni pa farasi likingojea zamu. Vipande vilivyoanguka viliokotwa na rafiki yake wa siku nyingi, mzee mfupi mwenye maneno mengi aliyeitwa Mpangaji kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupasua na kupanga. Hata upasuaji Masikio aliutengeneza. Zamani kipande kikipigwa shoka kiliruka huku na huku, na mtu aliinama mara elfu kwa siku. Yeye alifunga tairi bovu juu ya kigogo cha kupasulia. Kipande kinawekwa ndani ya tairi, kinapigwa pembeni kwanza, si katikati ya moyo, kinazungukwa mpaka kiishe, na kuni zinabaki zimesimama humo ndani zimekumbatiana. Unazibeba zote kwa mkupuo mmoja. Mpangaji alisema tairi lile lilimwongezea miaka kumi ya mgongo.

Watu watatu, mashine moja, na tanuri lisilozimika. Lakini ili asikie magogo, Masikio hakuweza kuziba masikio. Kwa miaka kumi na tisa alisimama hatua nne kutoka kwenye mngurumo ule, kichwa kimeinama, masikio wazi.

*

Lilianza sikio la kulia, mwaka uliotangulia, kwa sauti ya nyenje. Alidhani ni nyenje kweli. Alipanda juu ya kiti akamtafuta darini kwa tochi, akaondoa maboksi, akapiga kofi ukutani. Mke wake alimtazama kutoka kitandani. Nyenje aliendelea kulia barabarani, kiwanjani, hata msalani. Baada ya miezi michache akahamia na kwenye sikio la kushoto.

Hakumwambia mtu. Alianza kugonga kwa mkono mmoja huku kiganja cha mkono wa pili kimelazwa juu ya gome. Gogo zima lilitetemeka mpaka kwenye kiwiko chake. Bovu lilitetemeka kidogo tu. Lenye chuma lilitetemeka kisha mtetemo ukakatika. Au ndivyo alivyojiambia. Kwenye magogo membamba na makavu kiganja kilisema kweli mara nyingi. Kwenye magogo manene, mabichi, kiganja kilinyamaza, naye akawa anasimama pale ameinamisha kichwa kwa mazoea, akingoja jibu ambalo pengine lilikwisha kutolewa.

Mwanzoni alipokuwa na shaka alichora mistari miwili. Rundo la magogo yenye mistari miwili likakua mpaka Mpangaji akaanza kulitania.

"Masikio, miti ya siku hizi inazaliwa na misumari? Au umeona binti yako anachoka, ukaamua kututafutia likizo?"

"Funga mdomo upange kuni."

"Nitapanga nini? Kuni zenyewe umezilaza wodini!"

Walicheka, na yeye alicheka nao akitazama midomo yao ili ajue pa kuanzia na pa kuachia. Tangu siku hiyo alipokuwa na shaka alichora mstari mmoja.

Wiki tatu kabla ya siku ambayo mambo yaliharibika, mashine ilipiga kelele ndogo, binti akaizima, akakagua mnyororo. Jino moja lilikuwa limevunjika.

"Kokoto kwenye gome," alisema, akainua mabega, akachukua tupa kunoa.

Masikio alikokota mguu mpaka kwenye unga wa mbao chini ya farasi. Kulikuwa na msumari, mfupi, umekatwa nusu, unang'aa pale ulipokatwa. Aliukanyaga. Binti alipogeuka kwenda kunywa maji, aliinama akauokota, akautia kwenye mfuko wa shati. Jioni alikusudia kuutupa mtaroni. Hakuutupa. Kila siku aliuhamisha kutoka shati hili kwenda shati lile, na hakuna aliyejua kwa nini, hata yeye mwenyewe.

*

Mke wake alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa chini ya dirisha la chumba cha mbele, na kwa miaka thelathini ndiyo iliyokuwa sauti ya nyumba ile. Jioni moja Masikio aliingia, akavua viatu, akaanza kumweleza habari za kiwanjani, mzigo mpya unaokuja, mke wa mwokaji anayedai kuni kama mwenye njaa. Alieleza kwa sauti kubwa. Mke wake alikuwa ameinamia kitambaa, mguu uko juu ya kanyagio.

"Mbona unapiga kelele?" aliuliza, akiinua uso.

"Nakupigia kelele wewe? Cherehani yako hiyo."

"Cherehani imesimama tangu umeingia, mume wangu."

Akatazama. Gurudumu lilikuwa limetulia. Mguu wa mke wake ulikuwa juu ya kanyagio, lakini haukusogea.

"Nimeacha kukanyaga makusudi," alisema taratibu, akimtazama usoni ili aone maneno. "Jana pia niliacha. Na juzi."

Alifungua droo ya cherehani, mlimokuwa vifungo na visu vidogo vya kufumulia, akatoa msumari uliokatwa, akauweka juu ya kitambaa cheupe.

"Huu ulikuwa kwenye shati nililolifua."

"Wa kazini huo."

"Umetoka kwenye mti?"

Aliugusa msumari kwa ncha ya kidole.

"Mwambie mtoto," alisema mke wake.

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Huu mzigo unaokuja ukiisha. Mama watoto, akijua atasema nikae nyumbani. Nikae hapa nikufanyie nini? Nikushikie uzi?"

"Unishikie uzi. Kuna ubaya gani?" Akakizungusha kitambaa, akakilaza upya. "Mke wa yule mkataji wa zamani namwona dukani kila wiki. Unajua ananunua nini? Mirija. Anachagua ile minene, maana ile myembamba inaziba."

Masikio aliuchukua msumari akaurudisha mfukoni.

"Kiganja changu kinasikia," alisema.

Mke wake akakanyaga cherehani, mara hii kweli, gurudumu likazunguka. Ni yeye aliyemnunulia binti yao vikinga masikio, vile vikubwa vyekundu vinavyofunika kichwa kama mabakuli mawili, mwezi uleule nyenje alipohamia sikio la pili. Hakusema ni kwa nini. Alisema vilikuwa bei nafuu.

*

Mzigo uliingia siku ya mawingu. Magogo arobaini hivi, manene, yameburutwa kwenye matope mpaka vichwa vyake havionekani rangi. Dereva hakuzima lori. Alitoa kichwa dirishani, upande wa kulia wa Masikio, akawa anaongea. Masikio aliona pengo la meno likifunguka na kufungwa. Aliona mkono ukichora kitu hewani, kitu kirefu kinachozunguka. Kwa ndani alijua kwamba angepaswa kuzunguka gari, asimame upande mwingine, aseme, hebu rudia ndugu yangu. Lakini kuomba mtu arudie mara moja ni kitu kidogo, na yeye alikuwa amekwisha kuomba mara nyingi mno mwaka ule. Alikuwa ameona jinsi watu wanavyomtazama wakirudia: wanatanua midomo, wanapunguza akili.

"Najua, najua," alisema, akapunga mkono.

Dereva akacheka, akainua kidole gumba, akaondoa lori. Juu ya rundo la kuni Mpangaji alikuwa amegeuka akisikiliza, kisha akaendelea kupanga.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na manyunyu. Mke wa mwokaji alitoka mlango wa nyuma, unga mpaka kwenye viwiko, akasimama chini ya mwavuli uliovunjika ubavu mmoja.

"Wazee! Tanuri linakula na nyie mmesinzia!"

"Tanuri lako lina tumbo kuliko mwenye nalo," Mpangaji alimjibu.

"Ningekuwa na tumbo ningekukalia, ukapungua maneno. Mama Pacha, mwanangu, nipe safu mbili kabla ya mchana, nakuomba. Safu mbili tu."

"Utapata mama, usijali," alisema binti. Akavaa miwani, akavaa vile vikinga vyekundu, akavuta kamba. Mashine ikaamka.

Masikio hakuisikia kama zamani. Aliihisi kifuani na kwenye nyayo. Aligonga gogo la kwanza, kiganja juu ya gome lililolowa. Mtetemo ulikuja, ukafa karibu sana. Mbichi, alijiambia. Mti mbichi hufa mapema. Alichora mstari mmoja. Gogo la pili, vivyo hivyo. La tatu. Alikuwa akienda haraka kuliko siku zote, na haraka ile ilimpa raha ya ajabu, kama mtu anayeteremka kilima akajua hawezi tena kusimama. Mpaka binti anamaliza gogo la kwanza, yeye alikuwa ametangulia magogo kumi na mawili. Yalikuwa mstari mmoja wote, mkaa ukichuruzika kidogo kwa manyunyu.

La kwanza lilikatwa salama. La pili salama. Kiganja kinasikia, alifikiri, nilimwambia.

La tatu lilipanda juu ya farasi. Binti alipima kwa fimbo yake, akashusha ulimi wa msumeno, unga mweupe ukaruka, kipande cha kwanza kikaanguka. Hakikuanguka upande wa Mpangaji. Kilibingirika kwenye mteremko mdogo wa ardhi, kikapita katikati ya vigingi, kikaja kulala miguuni kwa Masikio, uso uliokatwa ukitazama juu.

Mti ulikuwa mweupe kama mkate. Na katikati ya weupe ule kulikuwa na doa la buluu iliyoiva, karibu nyeusi, limesambaa na kutoa vidole, kama wino uliomwagika juu ya kitambaa.

Aliijua rangi ile kabla hajajua kwamba ameijua. Chuma kikikaa ndani ya mti mbichi hutoa rangi hiyo, na rangi hutembea kwenye nyuzi ikienda mbele ya chuma chenyewe, shibiri moja, shibiri mbili. Hapa kuna rangi tu. Chuma kiko nyuma yake.

Aliinua uso. Binti yake alikuwa amepima tena, na ulimi wa msumeno ulikuwa umekwisha kuingia nusu.

Alipiga kelele. Alijua alipiga kelele kwa sababu koo lake liliuma. Binti hakugeuka, mabakuli mawili mekundu yalikuwa yamemfunika. Na kumshika mkataji kwa nyuma hakuruhusiwi, hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kiwanja, kwani akishtuka anageuka na msumeno. Mkataji husimamishwa kwa kutupiwa kitu mbele ya macho. Aliinama kutafuta kipande, na mgongo wake ulichelewa, ule mgongo wa miaka sitini na mitatu ulichelewa, vidole vikashika unga mtupu. Akavua kofia. Akairusha.

Kofia ilianguka juu ya gogo mbele ya ulimi. Meno yaliichukua, yakaitafuna, yakatawanya nyuzi. Binti alishtuka, akaachia kidole, akaegemea nyuma, na hapohapo, kabla mnyororo haujasimama, ulikutana na kile kilichokuwa kikiungoja. Cheche ikatoka ndani ya mti. Kitu kikapita hewani, Masikio hakukiona, aliona tu kwamba karatasi ya bati nyuma ya kichwa cha binti yake ilikuwa na mdomo mrefu ambao dakika iliyotangulia haukuwepo.

Binti aliketi chini kwenye unga wa mbao. Alivua vikinga masikio, akavitazama. Bakuli la kushoto lilikuwa na mfereji, umechongwa safi, kutoka mbele mpaka nyuma. Alipitisha kidole ndani ya mfereji ule. Kisha akalishika sikio lake, akaushusha mkono, akautazama mkono. Haukuwa na damu.

Mpangaji alikuwa amesimama, ameshika kuni kifuani kama mtoto.

*

Binti aliinuka. Alikwenda kwenye gogo, akapanua ufa kwa ncha ya mtaimbo. Ndani, ukiwa mweusi na umejikunja, ulionekana waya wa miiba wa nyuzi mbili. Akazunguka akatazama gome. Mstari mmoja. Akamgeukia baba yake.

"Umeligonga hili?"

Masikio aliiona midomo yake, kwa hiyo alielewa. "Nimeligonga."

"Likasemaje, Baba?"

Angeweza kusema lilikuwa limelowa. Angeweza kusema matope, manyunyu, haraka ya mke wa mwokaji. Maneno yote hayo yalikuwa tayari mdomoni, yamepangwa vizuri. Lakini Mpangaji aliwahi.

"Masikio, lakini si dereva alikuambia? Mimi nilikuwa kule juu nikasikia. Alisema ni miti ya uzio wa zamani, wameizungushia waya tangu ikiwa fito, uangalie sana. Ukamwambia unajua. Ukasema najua, najua." Sauti yake ikapungua. "Nikasema basi, Masikio anajua."

Masikio aliingiza vidole kwenye mfuko wa shati, akautoa msumari, akaulaza kwenye kiganja.

"Na huu," alisema. "Lile jino lililovunjika. Haikuwa kokoto."

Binti alitazama msumari bila kuugusa. Kisha alipita kando yake, polepole, akaenda kusimama nyuma ya mgongo wake. Masikio alibaki akitazama mbele. Manyunyu yalikuwa yakimwangukia kwenye kichwa kisicho na kofia. Hakujua, na mpaka leo hajui, binti yake alisema nini pale nyuma. Alijua tu kwamba amesema, kwa sababu uso wa Mpangaji ulibadilika, Mpangaji yule ambaye hakuna neno lililowahi kumkosesha la kujibu. Alitazama chini, akaziweka kuni chini moja moja.

Binti alirudi mbele. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini mikono imetulia.

"Tangu lini?"

"Mwaka."

"Mama anajua?"

"Anajua."

Alivitazama vile vikinga, kana kwamba anavisoma. Mlango wa tanuri ukafunguka, mke wa mwokaji akatoa kichwa. Midomo yake iliuliza kitu, na bila shaka kilikuwa kilekile cha safu mbili.

"Zinakuja!" binti alimjibu.

Akafungua sanduku la vifaa, akatoa mnyororo wa akiba, akaufunga. Alifanya kwa haraka, akiuma mdomo wa chini. Kisha akavining'iniza vile vikinga vyekundu kwenye msumari wa mabati, akachukua shoka la baba yake kwa mkono mmoja na kamba ya mashine kwa mkono wa pili.

"Nitagonga mwenyewe," alisema. "Nakata huku nagonga. Si ndivyo ulivyotufundisha? Mashine isilale."

Alisema bila ubaya, na hilo ndilo lililomchoma. Masikio alivitazama vikinga vikining'inia, halafu masikio ya binti yake, madogo, wazi, yenye vishimo vya hereni ambazo hakuvaa kazini. Aliona miaka kumi na tisa ikitembea kuelekea masikio yale, hatua nne kutoka kwenye msumeno. Aliona cherehani iliyosimama, na mtu anayepiga kelele chumbani.

Alikwenda kwenye mashine kabla haijavutwa. Akaing'oa plagi ya kuwashia moto kwa ufunguo wake, akaifumba mkononi.

"Ilale," alisema.

"Baba, tanuri litazimika."

"Lizimike. Tunagonga kwanza yote, kukiwa kimya. Halafu unavaa vile vitu ndipo unakata. Kuanzia leo ndiyo kazi." Alipumua. "Usianze na yale. Anza na hili lenye waya, ulijue linavyosema. Piga kwa kisogo, usikaze mkono."

Binti alisita. Kisha akaligonga gogo la uzio, lile la waya. Aliinamisha kichwa, na Masikio alishtuka kuona kwamba alikiinamisha upande uleule wake. Aligonga tena.

"Linaanza, halafu..." alisema, akitafuta neno.

"Halafu linanyamaza kama mtu kaingia."

"Ndiyo. Ndiyo, Baba. Kama mtu kaingia."

Alichukua mkaa kwenye vidole vya baba yake, akaenda kwenye yale mengine. Mpangaji naye alimfuata, mikono nyuma, bila utani. Masikio hakusogea. Kwake dunia yote ilikuwa nyenje mmoja, kwa hiyo alitazama tu mgongo wa binti yake.

Kwenye gogo la kwanza kati ya yaliyobaki aligonga mara tatu, akapita. Kwenye la pili aligonga mara tatu. Akagonga ya nne. Akabaki ameinama muda mrefu, kisha akauinua mkaa, na juu ya mstari wa baba yake akachora wa pili.

La tatu akachora. La nne akachora.

Alipofika la tano alinyanyuka kwanza, akageuka, akatazama kando ya kiwanja, kule zilikosimama kuni za wiki zilizopita, za miezi iliyopita, safu juu ya safu, kila kipande kikiwa kimetoka chini ya msumeno wake, karibu na uso wake. Alizitazama mpaka mwisho wa ukuta. Kisha akaliinamia gogo, akagonga.

Plagi ilikuwa bado na joto ndani ya ngumi ya Masikio. Aliukaza mkono, akangoja kuona mkaa utaelekea wapi.